Kushuka Kuyafuata Maji: Visima vya Ngazi vya Gujarat

Katika mji wa Patan, kaskazini mwa jimbo la Gujarat nchini India, kuna jengo la karne ya 11 lisiloonekana kwa mbali hata kidogo. Mgeni anayelikaribia huona uwanja wa majani uliotunzwa vizuri na miti pembeni, na ni mpaka afike ukingoni ndipo anapotambua kwamba ardhi imepasuliwa mbele yake, na kwamba ndani ya mpasuko huo kuna ngazi, nguzo na kuta zilizojaa sanamu, zikishuka tabaka kwa tabaka hadi kwenye shimo la kisima. Jengo hilo huitwa Rani ki Vav, yaani Kisima cha Malkia. Lina urefu wa mita 64 hivi, upana wa mita 20 na kina cha mita 27, na ukubwa wote huo ulikusudiwa kumfikisha mtu kwenye maji.

Nimefanya kazi ya kusimamia ujenzi hapa Mwanza kwa miaka mingi, na sijaona majengo yaliyonifikirisha kama visima hivi vya ngazi. Nilivifikia kwa sababu ambayo Watanzania wengi wanaifahamu: nilimsindikiza baba yangu mdogo kwa matibabu mjini Ahmedabad, na katika siku za kusubiri majibu ya vipimo nikapata nafasi ya kutoka. Kabla ya safari, mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, ambaye babu yake alitoka Gujarat kuja ukanda wa ziwa enzi za biashara ya pamba, alikuwa ameniambia, "Mwanangu, mgonjwa akilala, usikae kwenye benchi la hospitali kutwa nzima. Nenda kwenye kisima cha ngazi cha Adalaj ukaone kazi ya waashi." Nilimjibu, "Nimesikia, mzee wangu," na hadi leo ninamshukuru kwa neno lile.

Ili kuvielewa visima hivi ni lazima kuanza na mvua. Gujarat na jirani yake Rajasthan hupata karibu mvua zote za mwaka katika miezi ya Juni hadi Septemba, pepo za monsuni zinapovuma kutoka baharini, na baada ya hapo anga hukauka kwa miezi mingi. Maji ya ardhini huwa karibu na uso wa nchi mara tu mvua zinapokatika, kisha hushuka mwezi baada ya mwezi, hadi kufikia Mei yanakuwa mbali sana chini. Sisi wa kando ya Ziwa Victoria tunajua kupanda na kushuka kwa maji, kwa kuwa wazee bado wanayakumbuka maji ya miaka ya 1961 hadi 1964, na mwaka 2020 ziwa lilipanda tena hadi kuingia kwenye nyumba na mialo. Lakini mabadiliko yetu ni ya mita chache, tena huchukua miaka. Kule, maji huhama kwa kina kirefu ndani ya mwaka mmoja, na kila mwaka.

Anayeufahamu Usukuma wa ndani atalipata wazo hili upesi zaidi kuliko sisi wa mjini. Wakati wa kiangazi, mto Simiyu unapobaki mchanga mtupu, watu huchimba mchangani kutafuta maji, na kadiri maji yanavyozidi kwenda chini ndivyo shimo linavyopanuliwa na vidato kukatwa ukingoni ili mwenye ndoo aweze kushuka na kupanda. Kisima cha ngazi ni wazo hilo hilo lililokabidhiwa kwa waashi hodari, likapewa mawe, na likaachwa likomae kwa mamia ya miaka.

Mizizi yake ni ya kale mno. Huko Dholavira, katika eneo la Kutch, mabaki ya mji uliostawi zaidi ya miaka 4,000 iliyopita yana mabirika makubwa yaliyochongwa na kujengwa yakiwa na ngazi za kushukia. Lakini kisima cha ngazi chenye umbo kamili, chenye ngazi ndefu, mabanda ya nguzo na shimo mwishoni, kilifikia kilele chake Gujarat chini ya watawala wa ukoo wa Chaulukya, ambao pia huitwa Solanki, waliokuwa na makao yao Patan. Mfalme Bhima wa Kwanza alipofariki, mjane wake, Malkia Udayamati, aliamua kumjengea kumbukumbu, na kumbukumbu aliyoichagua ikawa kisima. Ujenzi huo huwekwa na wanahistoria katika nusu ya pili ya karne ya 11, kando ya mto Saraswati.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye namna jengo lenyewe linavyosimama, kwa sababu huku ndiko ninakokufahamu kuliko historia ya wafalme. Kisima cha namna hii kina sehemu nne zinazofuatana katika mstari mmoja. Kwanza ni ngazi ndefu iliyonyooka, inayoanzia usawa wa ardhi na kuteremka taratibu, ikikatwa na matuo. Pili ni mabanda ya nguzo, ambayo husimama kwenye matuo hayo yakivuka upana wote wa mtaro. Na kwa kuwa ngazi inazidi kushuka ilhali paa la kila banda linabaki karibu na usawa wa ardhi, banda la kwanza huwa na ghorofa moja, la pili mbili, na kuendelea hivyo, hadi la mwisho linasimama kama jengo refu la ghorofa ambalo mtu huliona akiwa chini. Tatu ni birika, ambalo hupokea maji ya ziada na ambalo mtekaji hukutana nalo kwanza. Nne ni shimo la kisima chenyewe, lililochimbwa kufuata maji ya ardhini. La Patan lina kipenyo cha mita 10 na kina cha mita 30, na liko mwisho wa upande wa magharibi.

Mtu anaweza kudhani kuwa mabanda yale ni pambo. Sivyo. Ukichimba mtaro wenye kina cha mita 27 katika udongo wa mchanga na tope la mto, kuta zake mbili zitataka kufumbana, na zitataka zaidi baada ya mvua, udongo unapokuwa umelowa na uzito wake umeongezeka. Hapa Mwanza, kwenye miteremko ya Isamilo na Kitangiri, tunajenga kuta za kuzuia udongo zenye kimo kidogo sana ukilinganisha na hizo, tunazipa zege na nondo, na bado baadhi huanguka masika yakikolea kwa sababu maji hayakuachiwa njia ya kutokea. Waashi wa Patan hawakuwa na nondo. Walichokuwa nacho ni akili ya kuuachia ukuta wa kulia uusukume ukuta wa kushoto: boriti za mawe za mabanda, zikiwa zimebebwa na nguzo, hupita kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, na nguvu ya udongo wa pande zote mbili hukutana katikati na kutulizana. Kuta zenyewe hupungua kwenda chini kwa hatua, kila tabaka likisogea ndani kuliko la juu yake. Na shimo la kisima ni la mviringo, kwa sababu mviringo hubanwa sawasawa kutoka kila upande, na jiwe hupenda kubanwa kuliko kuvutwa. Kwa hiyo ukiziondoa nguzo zile zote zenye nakshi, unakuwa umeondoa kinachouzuia mtaro usifumbane.

Baada ya kulielewa hilo ndipo nilipoanza kuzitazama sanamu. Rani ki Vav ina sanamu kubwa zaidi ya 500 na ndogo zaidi ya 1,000, na nyingi humhusu mungu Vishnu na sura mbalimbali alizojitwalia katika imani ya Kihindu ili kuuokoa ulimwengu. Kwenye ukuta wa shimo, mahali ambapo maji yalipanda na kushuka, Vishnu amechongwa akiwa amelala juu ya joka Shesha katika bahari ya mwanzo wa dunia. Kuna wasichana wa mbinguni wakijipamba, na kuna paneli zilizojaa mistari na maua ya kijiometria yanayofanana na michoro ya patola, kitambaa cha hariri ambacho Patan inasifika nacho mpaka sasa. Wataalamu hulieleza jengo hili kuwa hekalu lililogeuzwa juu chini, na maelezo hayo ni ya haki: badala ya mnara unaoelekea mbinguni, kilicho kitakatifu kuliko vyote kimewekwa chini kabisa, nacho ni maji.

Adalaj ni hadithi nyingine. Kiko kilomita zipatazo 18 kaskazini mwa Ahmedabad, kilikamilika mwaka 1499 hivi, na kina ghorofa tano na milango mitatu ya kuingilia ambayo ngazi zake hukutana kwenye tuo kubwa la kwanza. Hapo kwenye tuo nilisimama muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Juu yangu palikuwa na uwazi wenye pembe nane, na mwanga ulioingia humo ulifika chini ukiwa umepungua makali, ukapaka mawe yale rangi ya asali. Jua la Gujarat nililoliacha juu lilikuwa linachoma; kila tabaka nililoshuka joto lilipungua, kwa sababu udongo ulio nyuma ya kuta haupashwi na jua, maji ya chini hupoza hewa, na miale ya jua hufika ndani kwa muda mfupi tu wa mchana. Kwenye ukuta, usawa wa kifua changu, palikuwa na mstari wa tembo wadogo waliochongwa wakifuatana, kila mmoja mfupi kuliko kidole cha mkono, na nilipoinama kuwatazama niliona kwamba hakuna wawili wanaofanana. Mbele kidogo wamechongwa wanawake wanaosuka maziwa, kazi ambayo mtu yeyote aliyelelewa na bibi wa Kisukuma ameiona ikifanywa kwa kibuyu.

Adalaj ina bamba la marumaru lenye maandishi ya Kisanskriti, na maandishi hayo humtaja Rudabai, mke wa mtawala wa ukoo wa Vaghela, kuwa ndiye aliyekikamilisha kisima hicho. Waongozaji wa wageni husimulia zaidi ya hapo. Wanasema kwamba mumewe aliuawa vitani na Sultani Mahmud Begada, kwamba sultani alitaka kumwoa mjane, na kwamba Rudabai alikubali kwa sharti kisima kimalizike kwanza, kisha kilipomalizika akajitupa ndani. Wanaongeza kwamba sultani aliwauliza waashi kama wangeweza kujenga kingine kama hicho, nao walipojibu kuwa wanaweza akaamuru wauawe. Mimi nalishika lile bamba la marumaru, na simulizi hizi nazipokea kama simulizi. Mawe ya Adalaj yenyewe yanaonyesha jambo tofauti na uadui, kwa maana humo ndani nakshi za maua na mistari za Kiislamu zimechongwa bega kwa bega na alama za Kihindu na za Kijaini, dini nyingine ya kale ya India, na waashi waliozichonga ni dhahiri walikuwa wakifanya kazi pamoja au wakijifunza wao kwa wao. Huko huko Ahmedabad, mtaani Asarwa, kipo kisima kingine cha mwishoni mwa karne hiyo hiyo ya 15, kilichojengwa na Bai Harir, mwanamke aliyekuwa na cheo katika nyumba ya Sultani Mahmud Begada huyo huyo. Kina maandishi ya Kiarabu na ya Kisanskriti, na karibu yake kuna msikiti na kaburi.

Udayamati, Rudabai, Bai Harir: majina haya matatu hayakunishangaza nilipokwisha kutafakari ni nani aliyekuwa akishuka ngazi zile kila siku. Kuteka maji ilikuwa kazi ya wanawake, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya mkoa wetu. Kwa wanawake wengi wa vijijini kisima kilikuwa mahali pa kukutana na wenzao na kupumzika kivulini, na cha ngazi kiliwapa baraza la mawe la kukaa wakati wa joto kali. Wasafiri nao walilala humo. Vitabu vya kale vya ujenzi vya India vilifikia hata kuvigawa visima hivi katika aina nne kufuatana na idadi ya milango, kuanzia chenye mlango mmoja hadi chenye minne. Aliyekuwa na uwezo alijenga kisima ili apate thawabu, na mwanamke mwenye uwezo alijua vizuri zaidi ni nini kinachohitajika hapo. Ninaamini, kwa kadiri ninavyoisoma kazi ya ujenzi, kwamba jengo hutofautiana sana pale mwenye fedha anapomjua atakayelitumia. Matuo yale yamewekwa panapohitajika na mtu aliyebeba uzito kichwani. Tena maji ya mifugo na ya mashamba hayakupitia ngazini: kwenye visima vingi maksai waliyavuta kutoka juu ya shimo kwa mfuko wa ngozi na kamba, na ngazi zikabaki za watu.

Rajasthan ina vya kwake, na maarufu kuliko vyote ni Chand Baori katika kijiji cha Abhaneri, chenye ngazi zipatazo 3,500 zilizopangwa kwa jozi katika pande tatu, tabaka 13 kwenda chini. Picha zake zimeenea sana, na kwa hiyo sitakaa hapo.

Kuna upande wa pili wa habari hii ambao ni lazima usemwe, na sisi wa kando ya ziwa tunaweza kuusikia bila kuhitaji maelezo mengi. Kisima ambacho mtu hushuka hadi kugusa maji kwa miguu yake ni kisima ambacho mtu huyo anaweza kukichafua. Visima vya ngazi, hasa vya Rajasthan, vilikuwa chanzo kikubwa cha ugonjwa wa mnyoo wa Gini. Mabuu ya mnyoo huo humezwa na viroboto wadogo wa majini. Mtu akinywa maji yenye viroboto hao, mnyoo hukua mwilini mwake kwa karibu mwaka mzima hadi kufikia urefu wa mita moja, kisha hutoboa ngozi, mara nyingi ya mguu, kwa maumivu ya kuunguza. Mgonjwa hutafuta nafuu kwa kutumbukiza mguu majini, na papo hapo mnyoo humwaga mabuu mapya. Ngazi ileile iliyomfikisha mama kwenye maji wakati wa ukame ilimfikisha na mgonjwa. Kichocho chetu huingia kwa njia nyingine, kupitia ngozi, lakini fundisho la daktari ni lile lile kuhusu miguu na maji. Serikali ya India ilivibadilisha visima vingi ili maji yavutwe kutoka juu, ikagawa vitambaa vya kuchujia na kutia dawa majini. Mgonjwa wa mwisho alipatikana mwaka 1996, na mwaka 2000 nchi hiyo ikatangazwa kuwa imeutokomeza ugonjwa huo. Tangu enzi za Waingereza visima vya ngazi vilikuwa vimeshutumiwa kwa sababu za afya, na shutuma hizo zilikuwa na ukweli ndani yake, hata kama zilitumiwa pia kama kisingizio cha kuviacha vife.

Kilichoviua hasa ni pampu. Visima virefu vya mabomba vilipoenea katika karne ya 20, maji ya ardhini yalivutwa kwa kasi ambayo monsuni haikuweza kuyarudisha, na shimo lililochimbwa kufikia mita 30 likajikuta limesimama juu ya maji, likiwa kavu. Leo sehemu kubwa ya Gujarat hupata maji ya mto Narmada kwa mifereji na mabomba, kama ambavyo Shinyanga na Kahama hupata maji ya ziwa kutoka chanzo cha Ihelele, wilayani Misungwi. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayemwambia mama aliyefungiwa bomba arudi kwenye ngazi.

Rani ki Vav iliokolewa na balaa. Mafuriko ya mto Saraswati yaliijaza tope, na kwa karne nyingi jengo zima lilikuwa limezikwa. Mwishoni mwa karne ya 19 kilichoonekana kilikuwa mdomo wa shimo na nguzo chache. Tope hilo lilizilinda sanamu zisiguswe na jua, mvua wala mikono ya watu, hivi kwamba Idara ya Mambo ya Kale ya India ilipolifukua jengo na kulikarabati katika miaka ya 1980, nyuso, vidole na hata vito vya shingoni vilitoka vikiwa vizima. Mwaka 2014 UNESCO ililiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia, na tangu mwaka 2018 picha yake imo nyuma ya noti ya rupia 100.

Vingine vinafufuliwa pia. Huko Jodhpur, Toorji ka Jhalra cha karne ya 18 kilitolewa taka na maji machafu kikarudi kuwa na maji, na Delhi kisima cha Nizamuddin cha karne ya 14 kilikarabatiwa baada ya sehemu yake kubomoka. Kazi hizi nazipenda, ila naona kusugua mawe peke yake ni nusu ya kazi. Kisima cha ngazi kilitegemea maji ya ardhini, na maji ya ardhini yanategemea mabwawa, mitaro na ardhi iliyoachwa wazi ili mvua izame. Pale ambapo ukarabati umeanzia juu, kwenye njia za maji ya mvua, ndipo kisima kinapojaa tena chenyewe.

Kwa yeyote kutoka kwetu atakayejikuta Ahmedabad kwa matibabu au biashara, Asarwa ni ndani ya mji na Adalaj ni safari fupi ya gari, ambayo mtu anaweza kuifanya asubuhi na kurudi kabla ya saa za kumwona mgonjwa. Patan inahitaji siku nzima, kwa kuwa ni zaidi ya kilomita 120. Avae viatu visivyoteleza, achukue maji yake ya kunywa, na aingie kwa mlango wa mashariki akishuka polepole, kwa sababu mabanda yale yalipangwa yatazamwe na mtu anayeteremka kuelekea kisimani.